Hajamaliza Kutwanga

Siku Mzee Doto Kasanda alipoanza kusema tena, dada yake pacha alikuwa ukumbini anapepeta mchele, na hakuacha kupepeta.

"Kulwa," sauti ikaita kutoka juu ya kabati. "Umeamkaje?"

Ilikuwa sauti yake kabisa, na ule mkwaruzo wake mwanzoni mwa neno haukukosekana. Nyamizi, binti wa Doto, alisimama kando ya kabati amekunja mikono, anasubiri sifa. Na kwa nini asisubiri? Kifaa kile kiliitwa Mkumbushi, na ingawa kilitengenezwa na watu wengi katika Taasisi ya Sauti kule Dodoma, masikio yake aliyatengeneza yeye. Yeye ndiye aliyekifundisha lipi la kushika na lipi la kuacha. Nusu ya koo za Tanzania, na za jirani si haba, zilikuwa zimekwisha kuwaweka wazee wao ndani ya visanduku kama hicho, kila kimoja na ukubwa wa kopo la maziwa ya unga.

"Nimeamka salama," Shangazi Kulwa akajibu bila kuinua uso. "Umekula?"

"Ndiyo, dada. Nimekula vizuri. Asante kwa kuniuliza."

Shangazi akauweka ungo chini.

"Huyu si Doto."

"Shangazi, hiyo ni sauti yake mwenyewe. Kila neno limepimwa."

"Sauti ni yake. Maneno ni ya karani wa benki. Doto tangu tuko tumboni hajawahi kunishukuru. Ningemuuliza amekula, naye angeniuliza nimepika nini cha kulika, na tangu lini nikajua kupika." Akauchukua tena ungo wake. "Mzime, mwanangu. Namsikia vizuri zaidi akinyamaza."

Nyamizi akamzima. Alijiambia kwamba hayo ni majonzi tu, maana arobaini ya marehemu ilikuwa kesho yake, na nyumba nzima pale Ipuli, mjini Tabora, ilikuwa imejaa ndugu, masufuria na vilio vya kupokezana. Lakini neno lile la karani wa benki lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Yeye alikuwa mtu wa kujiamini, na mtu wa kujiamini ukimchoma mahali anapojiamini, hasahau.

Tena alikuwa na jambo jingine la kumaliza kabla ya kesho. Kumbukumbu ya ukoo hufungwa siku ya arobaini ya mkuu wa ukoo, na ikishafungwa haifunguliwi na mtu yeyote, hata mwenye kuitengeneza. Sheria hiyo haikutungwa kwa ukali wa bure. Kabla yake, kila shamba lilipotaka kurithiwa, watu walikuwa wakiingia ndani ya sanduku na kumfundisha babu maneno mapya, mpaka marehemu wakawa wanabadili wosia kila walipopata mjukuu tajiri. Basi ikaamuliwa: mkisha kufunga, mmefunga. Kuanzia hapo mtoto yeyote wa Kasanda, awe Tabora au awe ng'ambo, angeuliza, na sauti ingemjibu, na lililojibiwa ndilo lingekuwa kweli.

Mkumbushi hupima kila kauli kwa vitu vitatu: midomo iliyoisema, karatasi zilizoiandika, na mate ya wanaukoo, ambayo ndani yake damu hueleza ilikotoka. Kauli za akina Kasanda zote zilikuwa zimetulia mahali pake isipokuwa moja. Ilimhusu Bibi Nyanzala, mwanamke ambaye ukoo mzima ulianzia tumboni mwake, zamani za misafara ya miguu. Midomo saba ilisema alikuwa binti wa mtemi, akaolewa kwa ng'ombe wasiohesabika. Mate nayo yalisema asili yake ni mashariki, mbali, upande wa Handeni, katika nchi ya Wazigua. Juu ya kioo cha Mkumbushi yalikuwa yameandikwa maneno: *Midomo na mate havikubaliani. Nani ashinde?* Asipochagua mtu, kifaa kingechagua chenyewe, na kingefuata midomo, maana ilikuwa mingi.

"Shangazi," Nyamizi akauliza, "Bibi Nyanzala alikuwa binti wa mtemi gani?"

"Mtemi."

"Mtemi wa wapi?"

"Wa huko."

"Nzala si njaa, Shangazi? Mtemi gani anamwita binti yake Njaa?"

"Alizaliwa mwaka wa njaa. Kwani watemi hawana matumbo?" Shangazi Kulwa akapuliza makapi mpaka yakamfikia Nyamizi usoni. "Mashine yako ilikwisha kuniuliza, nikaijibu. Usiniulize mara mbili kama mwizi."

*

Aliingia chumbani kwa baba yake, akafunga mlango, akakaa juu ya kitanda ambacho bado kilikuwa na harufu ya mafuta ya kuchulia. Akamweka Mkumbushi mapajani. Hakwenda kumtafuta Bibi Nyanzala. Alikwenda kutafuta kicheko cha baba yake.

Ndani ya kila Mkumbushi kuna pipa, na ndani ya pipa hutupwa yale yote ambayo chujio la mzaha limeyakataa. Chujio hilo ndilo lililompa Nyamizi jina. Zamani kabla ya chujio, ukoo mmoja wa Singida ulifunga kumbukumbu yake kwa furaha, na wiki ya pili watoto wakaanza kuambiwa na sanduku kwamba babu yao alianguliwa kutoka kwenye yai la kanga. Mtani wao alikuwa amesema hivyo msibani, mbele ya watu wote, kwa sauti ya kujiamini, na watu wote walikuwa wameitikia. Sanduku lingejuaje? Nyamizi ndiye aliyelifundisha kujua: namna sauti inavyopanda, namna watu wanavyodakiza, namna mtu anavyotukanwa na kufurahi. Penye utani, kata. Aliona fahari juu ya kazi hiyo, na mpaka asubuhi hiyo hakuona sababu ya kutoona.

Alifungua pipa la akina Kasanda, na baba yake akatoka humo mzima mzima.

Alimsikia akimwambia muuza nyanya kwamba nyanya zake zina umri wa kupiga kura. Alimsikia akimbembeleza marehemu mama kwa matusi matamu ambayo mtoto hapaswi kuyasikia, naye akayasikia yote. Alimsikia akimwita yeye Nyamizi, siku aliyopata shahada, "profesa wa kusikiliza asiyesikia akiitwa kula." Baba alicheka kwa kukoroma, kama mtu anayevuta gari lililokwama. Kicheko hicho hakikuwamo kabisa kwenye ile sauti ya juu ya kabati. Chujio lilikuwa limekikata chote, kwa sababu Mzee Doto hakuwahi kusema sentensi tatu bila mojawapo kuwa ya utani. Nyamizi alicheka naye, kisha akalia, kisha akacheka tena huku analia, na hakujali nani yuko nje ya mlango.

Ndipo akafika kwenye sauti za msiba wa bibi yake mzaa baba. Vilio, mikeka, mtu anaagiza maji. Halafu sauti ya mwanamke, kali, yenye lafudhi ya Kizigua:

"Simamisheni hilo jeneza! Rudisheni mtoto wetu, tuwape pishi yenu ya mtama!"

Kisha baba yake, kwa sauti ya juu:

"Hatumrudishi! Hajamaliza kutwanga!"

Umati ukalipuka kwa vicheko, na yule mwanamke akasema, "Basi tutarudi." Chujio lilikuwa limeweka alama yake hapo: *mzaha, umeondolewa.*

Nyamizi alirudisha nyuma. Alimfahamu mwanamke huyo. Ni Bi Mwanaidi Sekibaha, mtani wao kutoka Handeni, hakimu wa mahakama ya wilaya, mtu ambaye kazini mawakili humwogopa na misibani kwa Kasanda hugaagaa vumbini. Wazigua ni watani wa Wanyamwezi tangu enzi za misafara, na mtani kuja kusumbua msibani ni haki yake. Hilo halikumshangaza. Lakini alitafuta msiba wa nyuma yake, wa babu, uliorekodiwa na simu za kale zile za kuchajiwa kwa waya. Pale alisimama mwanamume, mzee, naye ni Sekibaha: *Rudisheni mtoto wetu, tuwape pishi yenu ya mtama.* Na nyuma yake tena, kwenye kanda iliyochakaa mpaka sauti inaogelea, Sekibaha mwingine, na maneno yale yale, na jibu lile lile.

Akaketi wima.

Hakuna mtu katika nchi hii aliyesikiliza utani mwingi kuliko yeye. Alijua tabia yake. Utani ni kama nguo ya kuazima, kila mtu huupindua apendavyo na kuongeza chumvi yake, na mwaka wa pili mwenyewe hautambui. Huu haukuwa umeongezwa chumvi wala kupunguzwa. Watu waliozaliwa miaka mingi mbali walikuwa wameusema neno kwa neno, tena na jibu lake, kama dua. Kitu kinachotunzwa namna hiyo hakitunzwi kwa ajili ya kuchekesha.

Na yeye ndiye aliyefundisha masanduku ya nchi nzima kukitupa.

*

Bi Mwanaidi aliingia alasiri kwa treni ya umeme, na mtaa mzima ukajua ameingia. Mazishi yalikuwa yamempita akiwa mahakamani, basi deni lake alikuja kulilipa kwenye arobaini. Alianza kwa kuketi kizingitini na kumkataza mtu yeyote asipite mpaka aletewe paja la kuku. Alipoletewa shingo akaipokea na kuwalaani Wanyamwezi kwa uchoyo. Kisha akachukua kofia na mkongojo wa marehemu, akaipita sebule yote akichechemea kama Mzee Doto, akikohoa kama Mzee Doto, akimkemea kila mtu kwa kutokula. Wafiwa walicheka mpaka wakashika mbavu. Ndiyo kazi ya mtani: kilio kisiwageuze watu mawe.

Alipokwenda uani kunawa, Nyamizi alimfuata.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Lakini Mheshimiwa nimemwacha Handeni. Hapa mimi ni mtani wako, Mnyamwezi wewe, na bado nawadai heshima na paja la kuku." Akamtazama vizuri, akaacha kutabasamu. "Una macho ya mtu aliyesikia kitu."

"Mtoto gani huyo mnayetaka tumrudishe?"

Bi Mwanaidi alikung'uta maji mikononi. Alichungulia huku na huku, akavuta kigoda, akakaa karibu na masufuria ambako moshi huwafukuza wasikilizaji.

"Baba yako hakukwambia?"

"Alikufa akidhani najua. Kazi yangu ni kujua."

"Basi sikiliza, na usinikodolee macho hivyo, maana nitacheka." Na kweli alisimulia huku akitabasamu, tabasamu lisilopanda mpaka machoni. "Ulikuwa mwaka wa nzige. Kwetu watu walikula mizizi, kisha wakala ngozi za kulalia. Mama mmoja alibaki na watoto wawili, msichana na mvulana. Msafara wa Wanyamwezi ukapita ukirudi kutoka pwani. Wakampa yule mama pishi moja ya mtama, wakaondoka na msichana. Mvulana alibakizwa kwa sababu ndiye mwenye kubeba jina. Yule msichana ni Nyanzala wenu. Mlimwita Njaa kwa sababu njaa ndiyo iliyomleta. Na yule mvulana alikula mtama ule, akaishi, akazaa. Ndiye Sekibaha wa kwanza. Sisi sote ni watoto wa pishi hiyo, mtani. Meno haya unayoyaona nikicheka yameota kwa bei ya bibi yako."

Nyamizi akavuta kigoda kingine, akakaa.

"Yule mvulana alipokua akaja kumtafuta dada yake," Bi Mwanaidi akaendelea. "Akafika hapa mtu mzima, akakuta siku hiyo hiyo anazikwa. Sasa afanye nini? Alie? Kwa haki gani? Akasimama mbele ya maiti akapaza sauti kama mtani: rudisheni mtoto wetu, tuwape pishi yenu. Watu wakaduwaa. Binti yake Nyanzala, mwanamke mwenye akili, akamtazama akajua ni nani, akaona asipojibiwa atakufa pale pale. Akamjibu: hatumrudishi, hajamaliza kutwanga. Watu wakacheka, na ndani ya kicheko hicho mjomba wa watu akapata mahali pa kulia bila kuonekana. Tangu siku hiyo tunakuja kila mnapozika."

Moshi uligeuka ukawafuata, wakakohoa wote wawili. Nyamizi alifuta macho akasema lile lililokuwa limemjaa.

"Mheshimiwa, sanduku linafungwa kesho. Likifungwa hivi, watoto wetu milele wataambiwa Nyanzala alikuwa binti wa mtemi. Njoo useme mbele yake hayo uliyoniambia. Mara moja tu, bila utani. Mate yanakuunga mkono, na wewe ni hakimu. Kauli yako itashinda midomo yote saba."

"Mahakamani ndimi ninayeapisha watu," Bi Mwanaidi akasema. "Hapa sikuja kuapa. Nikikaa mbele ya kopo lako nikasema kwa uso mkavu kwamba sisi tulimuuza, kuanzia hapo sisi ni wauzaji na ninyi ni watu wa kununuliwa. Wajukuu zangu na wajukuu zako watakutana na hilo kabla hawajakutana wenyewe. Utani hapo umekufa, imebaki kesi. Nami kesi nazijua, hakuna anayetoka humo anacheka."

"Lakini ukweli..."

"Ukweli umekosa kusemwa wapi? Tumeusema kwenye kila msiba wenu, kwa sauti inayomshinda mwadhini! Wewe ndiwe uliyeziba masikio, ukawazibia na wengine."

Neno hilo lilimwingia Nyamizi mpaka mifupani, kwa sababu lilikuwa sahihi. Nyuma yao kuni zilianguka. Shangazi Kulwa alikuwa amesimama mlangoni na mzigo uliobaki mkononi, na hakuonekana mtu aliyefika sasa hivi.

"Ulijua, Shangazi," Nyamizi akasema.

"Nilijua kabla hujazaliwa."

"Ukaliambia sanduku binti wa mtemi!"

"Liliniuliza kama polisi. 'Taja jina la mzazi. Taja mahali pa asili.' Nikalijibu kama watu wanavyowajibu polisi." Shangazi akaziweka kuni zake chini, akajishika kiuno. "Ulitaka nimvue bibi yangu nguo mbele ya kopo? Doto alikuwa akilisema jambo hilo kila msiba, na kila mtu alikuwa akicheka, na hakuna aliyetuona wanyonge. Lile lilikuwa na nguo. Wewe ulikuja na mashine ya kuvua."

*

Kuna watu ambao kosa lao likiwafikia hukaa chini kulitazama. Nyamizi hakuwa mmoja wao. Alipokwisha kuvuta pumzi mara mbili tatu, alirudi chumbani kwa baba yake, akawaita Shangazi na Bi Mwanaidi waje wawe mashahidi, akamfungua Mkumbushi kwa ufunguo ambao watengenezaji peke yao huwa nao.

Kwanza aling'oa chujio. Kisha akaileta mbele ile kauli ya Bibi Nyanzala.

*Midomo na mate havikubaliani. Nani ashinde?*

Mambo yalikuwa mawili, na yote mawili yalikuwa mikononi mwake. Angeweza kuacha uongo mzuri ushinde, na Shangazi angepumzika. Angeweza pia kurudia yeye mwenyewe maneno aliyoyasikia uani, maana masikio yake sasa yalikuwa ushahidi, na ukweli ungefungwa salama milele, mkavu, na akina Sekibaha wasingekuwa na sababu ya kuja tena. Mtu wa kazi yake, kiapo chake kilikuwa ni kuchagua la pili. Alilitazama jambo hilo la pili kwa muda. Aliona kwamba lingemhifadhi Bibi Nyanzala na kumpoteza kaka yake, na safari hii kwa bei ndogo kuliko pishi moja.

"Shangazi, nafuta mtemi."

"Mfute. Hata mimi sikuwahi kumpatia jina."

Alifuta midomo saba, akafuta na hukumu ya mate. Mahali pake akasema kwa sauti, polepole, ili kifaa kishike: "Mtoto akiuliza Bibi Nyanzala alitoka wapi, mjibu hivi: hilo waulize watani wenu, akina Sekibaha wa Handeni."

*Hilo ni pengo,* Mkumbushi akaandika. *Kumbukumbu yenye pengo hushushwa daraja. Uendelee?*

"Endelea."

Bi Mwanaidi aliguna. "Na tukikosekana sisi? Ukoo nao hufa."

"Basi msife. Mna kazi." Nyamizi hakucheka. "Nilikuwa nachagua chombo cha kutunzia jambo hili, Mheshimiwa, nikadhani ni hili kopo. Chombo kilikuwapo kabla yangu. Kinakula sana kuku, lakini hakijawahi kukosea neno."

Kisha akaandika waraka kwa Taasisi ya Sauti. Aliandika kwamba chujio la mzaha lisimamishwe kwenye koo zote ambazo bado hazijafungwa. Koo zilizokwisha kufungwa hazifunguliki, lakini watani wao bado wako hai, basi koo hizo ziambiwe ziwaalike, ziwalishe, na ziwasikilize. Kosa ni langu, aliandika, nami nakuja kulirekebisha. Akatia jina lake lote. Akautuma papo hapo, ingawa alijua kuna wakubwa Dodoma watakaofurahi kuusoma.

"Sasa mwashe kaka yangu," Shangazi Kulwa akasema.

Nyamizi akaiwasha sauti. Shangazi akasogea karibu, akaweka kiganja juu ya kopo kama anayepima homa.

"Doto. Umekula?"

"Nile nini," sauti ikajibu, "na mpishi ni wewe?" Kikafuata kile kicheko cha kukoroma, cha gari lililokwama.

Shangazi aliketi kitandani ghafla. Alifunika uso kwa ncha ya kanga, na mabega yake yakatikisika, na wale wawili hawakujua analia au anacheka. Wakamwacha tu. Haikuwa lazima kujua.

*

Siku ya arobaini hitima ilisomwa, watu wakala, sinia zikaondolewa. Mkumbushi aliwekwa juu ya meza ndogo sebuleni, taa yake ya kijani inapepesa, tayari kufungwa. Nyamizi alikuwa ameinua kidole kuubonyeza muhuri pale mlango wa mbele ulipopigwa kwa mkongojo mara tatu.

Bi Mwanaidi Sekibaha alisimama kizingitini, kofia ya marehemu kichwani. Kwapani alikuwa na pishi ya kweli, ya mbao, ya kale, ambayo bila shaka ilitoka naye Handeni.

"Msifunge kitu!" akapaza. "Rudisheni mtoto wetu, tuwape pishi yenu ya mtama!"

Kila mtu alijua ni zamu ya nani kujibu, na kila mtu alijua mwenye zamu yuko ardhini. Macho yakamgeukia Shangazi Kulwa. Shangazi akamgeukia Nyamizi.

Na kabla Nyamizi hajafumbua kinywa, sauti ya Mzee Doto ikatoka juu ya meza, safi, yenye furaha, na mkwaruzo wake:

"Hatumrudishi! Hajamaliza kutwanga!"

Wapo waliopiga kelele. Mama mmoja alisimama akataka kukimbia, akakanyaga viatu vya watu. Jibu lilikuwa sahihi, neno kwa neno, na hakuna mtu aliyekuwa hai ambaye angelisema vizuri hivyo. Nyamizi aliondoa kidole juu ya muhuri, kwa hofu na kwa kumkumbuka baba yake.

Bi Mwanaidi hakucheka. Aliitazama ile taa ya kijani, kisha akagonga mkongojo sakafuni.

"Sikusema na bati," akasema. "Bati halina wa kulizika, na mimi nikisema narudi, narudi kwa mazishi. Nataka mtu. Hamna mtu humu?"

Akaipandisha pishi tupu juu ya kichwa chake ili wote waione.

"Rudisheni mtoto wetu!"

Nyamizi aliinuka kutoka kwenye meza. Alipita katikati ya ndugu zake, juu ya mikeka, mpaka akasimama uso kwa uso na mwanamke ambaye sasa alimjua ni nani kwake. Sauti ilipotoka haikuwa ya baba yake wala haikujaribu kuwa.

"Hatumrudishi," akasema. "Hajamaliza kutwanga!"

Nyumba ililipuka. Walicheka watu wazima, walicheka wazee walioshika vifua, na Shangazi Kulwa alipiga vigelegele mpaka akakauka koo. Katikati ya kelele hizo Bi Mwanaidi aliteremsha pishi taratibu. Mashavu yake yalikuwa yamelowa, na hakuna aliyemwona isipokuwa aliyesimama mbele yake, kama ilivyokusudiwa tangu siku ya kwanza.

"Basi tutarudi," akasema.

Nyamizi alijua safari hiyo nyingine itakuwa kwa ajili ya mazishi ya Shangazi, au ya kwake mwenyewe, na kwamba yakiwa ya kwake, atakayejibu atakuwa mtu mwingine. Kwenye kanda hakukuwa na neno lolote baada ya hapo. Akatafuta lake.

"Mtatukuta," akasema.